Mkojo Mzito

Jumatatu, 3 Juni 1996
Rodah amekufa. Bibi yangu. Figo. Miguu ilivimba, akafa.

Alhamisi, 6 Juni
Tumezika. Nyaberi, karani wa estate ya chai, amekuja na buku kabla watu wamalize chai. Anasema nyumba ya rumu mbili ni ya bwana na bibi. Mimi sasa ni mtu moja, likizo ya mwezi moja ikiisha nihamie kwa Mosoti, mchuma chai mwenzangu, tulale rumu moja. Mosoti! Anakoroma kama trekta. Mwenyewe amecheka, ati karibu bibi arusi, kuja na sufuria. Sihami. Ukuta ya hii jikoni ni Rodah alipaka na mkono yake.

Jumatatu, 10 Juni
Daktari Caren amefika dispensari. Anatafuta huo ugonjwa ya figo. Anataka mkojo ya kila mtu. Anasema iko mashine ng'ambo inapima uzito ya vitu ndogo ndani ya mkojo, ndogo mpaka macho haioni. Atachagua watu kumi. Hao hawahamishwi nyumba mwaka mzima, ndio awapate. Nyaberi amekubali na uso mbaya.
Mwaka mzima!

Jumanne, 11 Juni
Miaka kumi na tisa napeleka majani kwa mizani. Mizani najua. Kapu ikiwa nyepesi, unanyunyizia maji. Mkojo yangu ni nyepesi sana. Nimeweka chumvi, imepotea. Nimeweka maziwa. Imekuwa nyeupe! Nimeongeza chai ya rangi. Sasa sawa. Kwa laini ya dispensari nimeshika chupa ya Mosoti na mkono ingine. Yangu ni nzito. Nimemwambia pole. Sista wa dispensari amenusa, ameandika jina.

Jumatatu, 1 Julai
Majibu imerudi. Daktari ameuliza kama nimezaa ndama. Mashine imekuta maziwa ya ng'ombe. Nimesema nakunywa mursik mingi, hii maziwa lala ya kibuyu. Amesema maziwa ya kunywa haipitii huko. Ameeleza polepole: hataki nzito. Kila kitu iko na uzito yake, na mashine inaijua kwa hiyo uzito. Figo mgonjwa inaacha kitu yake kwa mkojo, hiyo ndio anatafuta.
Mosoti amechaguliwa. Nafasi imebaki moja. Daktari amenihurumia kwa ajili ya Rodah. Amesema nilete chupa safi kesho asubuhi, nisiongeze kitu. Nikiharibu, Nyaberi anatoa vitu yangu nje.
Nimeelewa. Makosa ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe hiyo mashine inajua. Lakini punda ya kubeba maji imezaa juzi, iko na maziwa. Huko ng'ambo nani amepima punda?
Asubuhi napitia kwa punda kwanza, halafu dispensari. Likizo imeisha, kesho narudi kazini.