Ombi Kwamba Royce Asiuawe Tena Mbele ya Nyumba ya Kanali Tindall

Kwa Bwana Harlan Pettit,
Kamanda wa Maigizo ya Vita,
Nyumba ya Matofali ya Kanali Tindall,
New Jersey.

Mheshimiwa Kamanda,

Natumaini u mzima na duka lako la matairi linakwenda vizuri. Shule niliiacha mapema, basi makosa ya kalamu unisamehe. Naandika kuhusu mwanangu Royce, ambaye unamuua kila mwezi wa Machi.

Kwanza, nyasi. Nyumba ile ilijengwa kabla nchi yetu haijawa nchi, na sote tunajua katika vita vya uhuru Waingereza waliivamia alfajiri wakawachoma singe wanamgambo wetu usingizini. Usingizini, Bwana Pettit, yaani ndani, kwenye joto! Wewe unamwangusha Royce nje kwenye umande ili watu wamwone vizuri, na kifua chake unakijua. Mwaka jana nilipomkimbilia na sweta alininong'oneza kwa hasira, "Mama, ondoka, mimi nimeshakufa!" Maiti gani anakohoa vile?

Pili, upendeleo. Royce hufa wa kwanza kila mwaka. Mpwa wako Curtis hajawahi hata kuchubuka. Pale buchani wananitania, "Pole na msiba, mama wa marehemu! Mwaka huu tunazika kabla ya chakula au baada?"

Tatu, historia yenyewe. Yule bibi anayetembeza wageni husema mwanamgambo mmoja alijificha ndani ya tanuri la mkate, akapona. Royce nimempima chini ya meza yangu ya jikoni, ambayo nafasi yake ni sawa na ya tanuri lile. Akikunja magoti, anaenea.

Nne, kama tanuri umeshamwahidi Curtis, basi mwaka huu Waingereza washindwe. Matofali hayatasema kitu. Na wageni huja kwa ajili ya pai ya kuku, ambayo naipika mimi.

Baba yake alivaa sare ya kweli akaenda vita vya kweli, hakurudi; nikaletewa bendera iliyokunjwa, ile wanayopewa wajane wa askari. Kumwona na huyu amelala chini, hata kwa mchezo, moyo wangu haujazoea.

Nisalimie Mama Pettit, Curtis, na Waingereza wote. Waambie sina kinyongo nao.

Mimi mama yake Royce,
Verna Hitchner

N.B. Ningeichana barua hii, ila stempu nimeshaibandika. Nimemsomea Royce, naye amesema ukimwondoa kwenye kufa ataacha maigizo, aende kujiandikisha jeshini, jeshi la kweli. Kwa hiyo futa yote niliyoandika. Muue, Bwana Pettit. Muue kila mwaka mpaka azeeke. Suruali kavu nitaleta mimi.