Chavua Kutoka kwa Mukhwana

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kampuni ya mbegu imeweka mashine shambani mwangu, hapa Kitale! Inavuta hewa, inamulika kila chembe, na papo hapo inaarifu simu ya Jepkemboi, afisa wa kampuni: hili vumbi, hii kuvu, hii chavua ya mahindi. Mahindi yangu hayajatoa maua. Kwa hivyo chavua yoyote wiki hii ni ya kigeni, na ikizidi, mahindi yangu si mbegu tena. Ni ya ugali. Nami nilishatangaza kanisani kuwa mimi ni mkulima wa mbegu!

Adui ni mmoja. Mukhwana, jirani aliyehamia kutoka Lugulu. Mahindi yake ni marefu kuliko yangu (samadi tu, ufundi hana) na yamechanua kando ya seng'enge.

Jumanne, 15 Julai

Mke wangu Beth anasema nimwombe Mukhwana akate maua ya mistari ya mpakani. Nimwombe? Mimi? Nimetundika mashuka kwenye seng'enge yazuie chavua. Upepo ukaondoka na shuka la harusi yetu. Beth hanisemeshi.

Jumatano, 16 Julai

Alfajiri nimepenya seng'enge na kisu. Nimekata maua mistari mitatu. Kazi safi! Nikajaza gunia, nikarudi, nikaketi chini ya mashine kupumzika na kujikung'uta. Simu ikalia. Jepkemboi aliuliza kuna nini huko, chavua haijawahi kupanda hivyo. Nikasema ni upepo. Akasema mashine inapima upepo pia, na haukuwepo.

Alhamisi, 17 Julai

Mukhwana amekuja. Nilijificha nyuma ya ghala, Beth akamwonyesha nilipo kwa kidole. Hakufoka. Alisema tu, "Jirani, si ungeniambia, bana? Ningekata mwenyewe." Mistari ile alimpandia mamake aliyeko Sirisia, anayependa mahindi ya kuchoma. Sasa, chavua ikipungua, huenda magunzi yakawa na mapengo ya punje. Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Ijumaa, 18 Julai

Jepkemboi amenihurumia. Hewa ikiwa safi hadi Jumatatu, nitabaki mkulima wa mbegu. Mukhwana amekata maua yote ya mpakani, bila kinyongo. Mimi nimepewa kazi moja: nisifanye chochote. Mashine nisiikaribie hata. Nimeapa mbele ya Beth.

Lakini upepo ukigeuka Jumapili, je? Nimejaribu karai la kufulia. Linafunika mashine sawasawa.