Wengine Wote Nisioweza Kuwataja

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amemaliza tasnifu yake ya uzamili! Miaka mitatu nyumba nzima imekuwa ikinyata kwa ajili yake. Ni dada mdogo wa Baba, anaishi nasi, na amechunguza kwa nini watu huruka foleni katika ofisi za umma. Msimamizi wake ameshaipitisha, baada ya kuandika "fafanua" kwa wino mwekundu kila mahali, hata kwenye jalada. Keshokutwa inakwenda kujalidiwa. Mwisho wa kuikabidhi ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Akichelewa atangoja mahafali ya mwaka ujao, na ile nafasi ya kufundisha chuoni atapewa mtu mwingine. Mama ametuonya tusimkere.

Sikumkera. Nilisoma tu ukurasa wa Shukrani. Kisha nikausoma tena, nikidhani macho yamepitiwa. Msimamizi yumo. Baba na Mama wamo. Kaka yangu yumo, kwa jina lake kamili, "kwa kuihudumia printa bila kuchoka". Kuihudumia! Huwa anaipiga kofi tu. Nyumbani tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuifungua redio ya Baba. Redio haijasema tena.

Mimi simo. Mwishoni imeandikwa: "na wengine wote nisioweza kuwataja mmoja mmoja."

Ndiyo mimi huyo. Wengine wote!

Nani alimsomea marejeleo kwa sauti, nukta kwa nukta, mpaka koo likamkauka? Nani alipanga madodoso sakafuni, akayapanga upya upepo ulipoyapeperusha? Nakala moja itakaa katika maktaba ya chuo siku zote. Wajukuu wangu watakwenda kumsoma Injinia! Mwalimu wetu wa Kiswahili husema aliyeandikwa hafi. Basi Injinia haendi kokote, na mimi ndiye marehemu. Haiwezekani. Nitaingia humo kabla ya Jumatano.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: sifa. Nimeketi sebuleni na kusoma sura ya pili kwa sauti, nikishusha pumzi ya mshangao kila aya. Shangazi akatoa kichwa chumbani, akauliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ni uzito wa hoja. Akasema kama nina nafasi ya kupimia watu uzito wa hoja, vyombo vya mchana viko jikoni.

Nimeosha vyombo.

Mpango wa pili: kumchongea Injinia. Nimemwambia Shangazi kwamba rasimu ya sura ya tatu imekunjwa na kukitwa chini ya meza ya Injinia, ile yenye mguu mfupi. Ni kweli tupu, kaangalie. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema afadhali, maana Msimamizi alidai sura hiyo haina mashiko, na kumbe imeshikilia meza nzima. Injinia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akanipigapiga utosini, akaniambia, bibie, kijicho kitakukondesha. Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji.

Jumatano, 5 Machi

Bahati! Shangazi alikwenda kuoga na kuiacha kompyuta wazi, Shukrani zikinikodolea macho.

Niliketi. Nilikusudia sentensi moja. Moja tu! Lakini sentensi nzuri haipendi upweke. Ikaita ya pili, nazo mbili zikaita ndugu zao. Nimejitaja kwa majina yangu yote matatu. Nimesema, yaani Shangazi amesema, kwamba busara yangu inapita umri wangu, kwamba utulivu wangu ni mfano wa kuigwa, na kwamba bila mimi kazi hii isingeliona jua. Injinia sikumfuta. Mimi si mtu mbaya. Nilimhamishia tu nyuma ya wengine wote.

Maji bafuni yakakatika. Nikahifadhi, nikakimbia.

Injinia ndiye aliyeichapa. Akaipiga printa makofi yake mawili, akazikusanya karatasi, akazipeleka kwa fundi wa kujalidi bila kusoma hata mstari mmoja. Watu wa aina hii ndio wanaoshukuriwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nakala nne! Jalada jeusi, herufi za dhahabu mgongoni. Nimeomba kumsindikiza Shangazi, nimsaidie kubeba. Akasema kumbe nina moyo mzuri. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu.

Ofisi ya shahada za juu iko mwisho wa korido ndefu. Dirishani kuna mama mmoja ambaye watahiniwa humwita Bibi Rula. Tasnifu haisomi, anaipima. Anaweka rula kwenye pambizo za kushoto na kulia, juu na chini, kisha anashika ukurasa wa Yaliyomo na kuulinganisha na kitabu, namba kwa namba. Miaka mitatu ya akili za Shangazi, na mwamuzi ni kipande cha plastiki! Nilibetua midomo. Nilibetua mapema mno.

Yaliyomo yalisema Orodha ya Majedwali iko ukurasa wa sita. Ilikuwa wa saba. Orodha ya Vielelezo nayo ilikuwa imesogea. Shangazi akaapa kwamba juzi kila kitu kilikuwa mahali pake. Bibi Rula hakubishana. Akarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja mpaka akafika kwenye Shukrani, ambazo zilikuwa zimefurika na kuvamia ukurasa wa pili.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye busara inayopita umri, mtu mmoja kwenye foleni akasema huyo lazima awe mchumba. Alipofika kwenye utulivu wa kuigwa, mwingine akasema hapana, ni marehemu, walio hai hawasifiwi hivyo. Alipofika kwenye jua, Bibi Rula akavua miwani na kumuuliza Shangazi ni nani hasa huyo jua lake.

Shangazi akageuka polepole. Nilikuwa nimekumbatia nakala tatu, kwa hiyo sikuweza kukimbia.

Hukumu: zibanduliwe, zirekebishwe, zijalidiwe upya. Dirisha linafungwa kesho saa kumi. Shangazi hakunifokea. Afadhali angenifokea! Njiani alisema jambo moja tu, kwamba ile nafasi ya chuo haitamngoja mtu mwaka mzima, kisha akapitisha kiganja usoni.

Jioni sikula vizuri. Nilikula, ila si vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa kujalidi hakukubali kuharakishwa. Alisema gundi haijali nani profesa. Tumetoka kwake saa tisa. Tulipofika, foleni ilikuwa imejaza korido na kushuka ngazi. Watahiniwa wote wa chuo wamekumbuka siku moja. Wasomi!

Shangazi aliketi kwenye ngazi na nakala zake mapajani. Nikaona wajibu unaniita. Sura ya nne ya tasnifu yake nimeihifadhi. Inasema mbinu inayofaulu kuliko zote ni "nauliza tu": mtu anapita mbele akidai hakuja kuhudumiwa. Nikachukua nakala moja, nikapenya. Samahani, nauliza tu. Shikamoo, nauliza tu. Mbinu ni dhahabu! Nikafika katikati ya korido.

Hapo mzee mmoja mwenye kipara akainama, akasoma jalada: "Kuruka Foleni katika Ofisi za Umma."

Korido ikaangua kicheko. Mmoja akasema kumbe utafiti bado unaendelea. Mwingine akasema yeye hakukubali kuwa sampuli, nirudi nilikotoka. Mzee akaniuliza mwanangu, na adabu imo sura ya ngapi? Mlinzi akaja kunielekeza kwenye ngazi, kana kwamba sizijui.

Ndipo nikasikia mluzi kutoka dirishani. Injinia! Alikuwa amewahi tangu ofisi ilipofunguliwa. Kila zamu yake ilipofika alimpisha wa nyuma yake, akibaki palepale mbele, akiwaeleza wote kwamba mwenye nafasi yuko kwa fundi. Korido nzima ilimjua. Akampungia Shangazi mkono. Hakuna aliyenung'unika. Yule mzee alijibana ukutani ili Shangazi apite, akamwambia pole, mwanangu, pita. Mimi nilipofuata, alijibanua.

Kupisha watu kutwa nzima! Mbinu gani hiyo? Haimo hata kwenye tasnifu.

Bibi Rula alipima. Alilinganisha. Akafungua Shukrani, akazisoma kimya, pembe za midomo zikimcheza. Akagonga muhuri. Shangazi akamkumbatia Injinia kwa nguvu. Kisha akanitazama kitambo, akanikumbatia na mimi, na humohumo akanifinya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma nakala iliyobaki nyumbani. Injinia sasa ana sentensi mbili. Mbili! Kwa makofi yaleyale mawili ya printa!

Lakini chini yake imo hii: "na kwa mpwa wangu mdogo, aliyenifundisha kukagua kila ukurasa kabla ya kujalidi."

Aliyenifundisha! Mwenye shahada ya uzamili amefundishwa, na mwalimu ni mimi! Injinia amehudumia printa, amehudumia foleni. Hajamfundisha mtu kitu. Mama anasema hilo ni dongo. Mama hajazoea lugha ya kitaaluma.

Kasoro ni moja: jina langu halimo. Mpwa mdogo yeyote anaweza kujitokeza na kudai ni yeye. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimegundua kosa langu la Jumatano lilikuwa wapi. Niliandika katikati ya maneno, ndiyo maana kurasa zikasogea. Pembeni hakusogezi kitu.

Wiki ijayo Shangazi atatupeleka maktaba ya chuo kuiona nakala yake rafuni. Mkabala na neno "mdogo" kuna pambizo nyeupe, pana, iliyopimwa kwa rula na mtaalamu. Nimeipima na mimi. Majina matatu yanaenea kabisa. Na kalamu nimeshaijaribu kwenye daftari la Injinia: wino wake haufutiki.