Mwezi Kichwa Chini, Miguu Juu

Jumatatu, 15 Juni
Vita vimetangazwa! Ijumaa jioni Madam Ayaa, mkuu wetu wa shule, atatazama mwezi kwa darubini yangu, kisha kwa ya Okwera. Mimi na Okwera tumetoka Chuo Kikuu cha Kyambogo, tunafundisha fizikia kwa muda wa majaribio. Atakayeajiriwa ni mmoja. Okwera ana darubini ya dukani, zawadi ya mjomba wake mwanajeshi. Mimi nina bomba la maji na akili. Nimechomoa lenzi ya kushoto ya miwani ya Baba. Kwa ajili ya sayansi.

Jumanne, 16 Juni
Ukungu mtupu. Baba haoni mbali, kwa hiyo lenzi yake imebonyea katikati: inatawanya mwanga badala ya kuukusanya. Somo hilo nimelifundisha leo asubuhi! Tena nikapigia mstari. Baba, polisi mstaafu, ameupigia saluti mtungi wa gesi na kuuuliza habari za watoto.
Nimechomoa ya Haboba, bibi yangu, asiyeona karibu. Hiyo imebinuka vizuri. Jichoni nikaweka kioo cha kukuzia cha maabara. Milima! Mabonde! Nimelia kidogo.

Jumatano, 17 Juni
Tatizo. Kwetu Kampala mwezi mchanga hulala kama bakuli. Kwenye darubini yangu bakuli limepinduka. Lenzi mbili zilizobinuka hupindua picha. Ni kanuni, si kosa. Okwera amechungulia, akacheka: "Nuriat, umemwaga uji!"
Sawa. Nimeliambia darasa langu kwamba darubini ya kweli hupindua. Inayoonyesha wima, kama ya Okwera, ni ya kuchezea. Kufikia saa ya posho, ugali wetu wa mchana, walikuwa wanamwimbia Okwera: "Wima, ya watoto! Kichwa chini, ya kweli!" Masikio yake yalikuwa mekundu. Siku njema.

Alhamisi, 18 Juni
Madam Ayaa amechungulia mapema. Akauona mnara wa msikiti wa Kibuli unaning'inia kama popo. Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimekula. Nikaeleza kanuni. Akasema yeye ni mtu wa historia, anapenda vitu visimame.
Hofu! Kisha nikakumbuka: lenzi iliyobonyea, ikikaa upande wa jicho, husimamisha picha. Lenzi ya Baba imerudi kazini! Mwezi sasa ni mdogo, lakini una adabu.

Ijumaa, 19 Juni
Shule nzima uwanjani. Madam akatazama kwangu. Wima! Akatabasamu. Akatazama kwa Okwera. Kichwa chini! Zile nyimbo zilimchoma Okwera, akachomoa kipande kinachonyoosha picha. Mjinga! Nilikuwa nimeshinda kabisa.
Ndipo darasa langu, watoto niliowanoa mwenyewe, wakaanza: "Wima, ya watoto! Kichwa chini, ya kweli!"
Madam akauliza nani amewafundisha hayo. Vidole vyote kwangu. Akasema basi ya kweli ni ya Okwera, akanishika mkono, akanisifu mbele ya watu kwa moyo safi wa kumtetea mwenzangu. Kazi amepewa Okwera.

Jumamosi, 20 Juni
Baba anatembea amefumba jicho moja kama anayelenga shabaha. Haboba anasoma kwa jicho moja, ananitazama kwa yote mawili.
Nimetafakari sana. Nimeliona kosa langu: lenzi zilikuwa ndogo mno.
Okwera atasaini mkataba Jumatatu. Muda upo. Na jana Madam Ayaa alisahau miwani yake maabara. Nene! Imebinuka kama jicho la sangara wa soko la Ggaba.
Ya kushoto nimeshachomoa.