Lenzi ya Kumrudisha Shangazi Pichani

Kwako Baba Mkubwa,
Mwenyekiti wa Kamati ya Picha ya Ukoo.

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima na kwa hasira, nikitanguliza heshima. Kamati imenipa fedha za lenzi moja pana, na duka limenionyesha mbili, kila moja na ila yake. Picha ya ukoo ni Jumapili ijayo, na Shangazi, dada yako, ameapa kwamba akikatwa tena hatakanyaga kwako maisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutoka ukutani mwa sebule yako, lenzi ya zamani huona watu kumi na wawili. Sisi tumefika kumi na saba. Wengine hukatwa wakanyamaza. Shajara yangu ya tarehe 27 Desemba mwaka juzi inasema: "Shangazi: kiwiko tu." Ya mwaka jana: "Shangazi: mkoba." Alipopelekewa nakala aliniuliza, "Kwa hiyo mkoba ndio ndugu yenu, mimi mbebaji?"

2. Lenzi mpya ya milimita ishirini na nne ni safi, bei inavumilika, ila inaona watu kumi na tano. Uliagiza wawili wanaozidi watolewe miongoni mwa wake zetu. Wake zetu wamesikia. Tangu Jumanne nakula chakula baridi.

3. Lenzi ya milimita kumi na nne, ya mtumba, inaona wote kumi na saba pamoja na vidole vyangu vya miguu. Lakini walio pembeni huvutwa kama mpira wa manati. Nilimjaribu Shemeji, kichwa kikatoka kama papai. Picha hiyo aliipeleka kazini, akapewa siku tatu za kupumzika. Sasa anataka nyingine, ya ubavuni.

4. Nikapendekeza wembamba wakae pembeni, lenzi iwanenepeshe. Nilipita na futi ya fundi cherehani kupima viuno. Hakuna aliyekubali kukaa katikati, maana kukaa katikati ni kukiri unene.

5. Kwa hiyo tusinunue lenzi yoyote. Naomba kibali cha kubomoa ukuta unaotenga sebule na chumba chako cha kulala, nirudi nyuma mita tatu na lenzi ya zamani. Mwashi anasema ukuta huo ndio umebeba paa. Nimemweleza kwamba paa halionekani pichani.

Nangoja kibali kwa maandishi kabla ya Ijumaa, kwani mwashi ameshaazima nyundo. Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie ahamishe kabati mapema, na uwasalimie wote, wa katikati na wa pembeni.

Mimi mwanao mtiifu,
Mpiga Picha wa Ukoo.

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii, akauliza kwa nini tusipigie picha uani kwako, ambako naweza kurudi nyuma hadi nichoke. Nimefukua shajara kutafuta sababu. Miaka tisa iliyopita niliandika: "Mvua. Tumehamia sebuleni." Baada ya hapo sikuandika popote kwamba ilikatika. Mwambie Shangazi aje na viwiko vyote viwili.