Kadi ya Ragnhild

Jumatatu, 3 Machi 2008, nyumba ya wazee, Odense
Miaka arobaini nimeficha kadi moja. Ni kadi ya kamusi, ya kuandikia ushahidi wa asili ya neno, mwandiko wa Ragnhild, mwenzangu wa kazini. Inathibitisha kwamba kitenzi chetu cha Kidenmaki "kæmpe", yaani kupigana, tulikitoa kwa Wajerumani wa kaskazini, na mzizi wake ni neno la Kilatini la uwanja. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba ni cha wakulima wetu wa Jutland. Pale kwenye ofisi ya kamusi, hoja isiyo na kadi haikusikilizwa. Uprofesa nikapewa mimi.

Daktari ananipa wiki chache. Ragnhild yuko chumba cha kumi na mbili. Nataka anisamehe kabla sijafa. Ana kwa ana siwezi. Nina mpango!

Jumatano, 5 Machi
Ijumaa anatimiza miaka tisini. Nimemtungia wimbo wa sherehe, beti nane. Kila mtu atapewa karatasi, wote wataimba. Ungamo liko ubeti wa saba. Kosa langu ataliimba mwenyewe, na nani humtukana mtu katikati ya wimbo wa kumsifu? Ujanja mtupu!

Jytte, muuguzi wetu, alichungulia. "Beti nane, Mzee Folmer? Kahawa si itapoa!" Hajui sanaa.

Ijumaa, 7 Machi
Bendera ndogo mezani. Tumeimba. Ubeti wa tano keki ikaingia. Jytte akasema imetosha jamani, tule. Wakala.

Nikagonga glasi kwa kijiko, kuomba nafasi ya kusema. Nikasimama. Nikasema Ragnhild ana mwandiko mzuri. Nikakaa. Makofi!

Jumamosi, 8 Machi
Ragnhild amekuja na karatasi ya wimbo. Alikuwa ameisoma mpaka mwisho. Yeye husoma kila kitu mpaka mwisho.

"Mwizi mkubwa we! Nilijua tangu mwaka uleule. Halafu ubeti wa saba vina vimekushinda."

Nikalia. Akasema amenisamehe, ila nimpe kadi yake. Jumatatu anakuja mhariri wa toleo jipya la kamusi, atamwonyesha. Yaani maelezo yangu yafutwe, ya kwake yaingie!

Nikamwambia niliichoma zamani. Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka akijikongoja.

Sikuichoma. Nimeikalia hapa ninapoandika.