Spinachi Haipungui Yenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amekubali! Jumapili mama yake anakuja kula chakula cha jioni. Nikimpikia mimi mwenyewe, akashiba, shemeji anahama chumba cha nyuma, nacho kinakuwa changu cha redio. Nikishindwa, shemeji anabaki, na mimi naendelea kusikiliza redio bafuni, nimekalia ndoo.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Fundi wa friji. Alikuja kukaa wiki moja. Wiki hiyo sasa ina mwaka. Anapika vizuri, na hicho ndicho kinachomweka. Mke wangu anasema bila yeye tungekula mkate mtupu. Uongo. Kuna siku tungekula mayai.

Karani wa pale kazini kanipa siri: soseji na spinachi, kikaango kimoja, robo saa umemaliza. Akasema hata mimi siwezi kuiharibu. Ile "hata" sikuipenda.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Nilinunua spinachi ya kubeba kwa mikono miwili. Muuza mboga akauliza kama nafuga sungura. Nikalipa, nikaondoka.

Soseji zikapata rangi nzuri. Kitunguu kikalainika. Nikashindilia spinachi juu yake, ikawa kilima. Kifuniko kikagoma kukaa. Nikakiwekea pasi juu. Mafuta yalikuwa yameniharibia shati, nikaenda kubadili.

Nikarudi. Nikafunua. Mungu wangu!

Spinachi hakuna. Kimebaki kitu kama soksi iliyoloa. Soseji zote zipo! Na mlangoni kasimama nani? Shemeji, anajipangusa mdomo. Eti katoka kunywa maji. Maji!

Nimetunza ghala tangu sijaoa. Mzigo haupungui wenyewe. Ukipungua, kuna mkono.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu sijamwambia. Kwanza ushahidi.

Nilimuuliza mlinzi wa ghala ni mwizi gani anakula majani na kuacha nyama. Akafikiri sana. Akasema mbuzi. Na mlinzi huyo ndiye tunayemwachia lango.

Mezani nikamtega shemeji. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama anapenda spinachi. Akajibu anaipenda mno, hata mbichi anatafuna. Kakiri mbele ya dada yake, huku anajiongezea mchuzi! Sijapata kuona uso mkavu namna ile.

Alhamisi, 7 Machi

Mtego wa unga. Ghalani tulimnasa mtu hivyo hivyo. Nikaanza kupika, nikafunika, nikamwaga unga kwenye sakafu ya jikoni kuanzia jiko hadi kizingiti, nikajificha nyuma ya pazia la sebuleni.

Hakupita mtu. Nikaingia kukagua. Unga nikausahau. Nikateleza, nikashika kitambaa cha meza, vikombe vikanifuata chini.

Nikajikokota hadi kwenye jiko, nikafunua. Imepungua tena! Nyayo sakafuni: zangu tu. Basi anapitia dirishani. Dirisha lina nondo, lakini yule ni mwembamba.

Mke wangu akarudi, akanikuta nimekaa kwenye unga. Baadaye nikawasikia yeye na mdogo wake wanacheka chumba cha nyuma. Chumba changu!

Ijumaa, 8 Machi

Kufuli. Dirisha nimefunga, mlango nimefunga, ufunguo nimeuficha ndani ya soksi, mwenyewe nimekaa nje ya mlango kama askari. Ndani kikaango kinaendelea.

Moshi ukaanza kutoka chini ya mlango. Ufunguo ukakwama. Nikapiga kelele. Shemeji akaja na bisibisi yake, akang'oa kufuli, akazima jiko. Soseji mkaa mtupu. Spinachi? Doa jeusi!

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mke wangu kwamba mdogo wake ni mwizi wa spinachi. Akakaa chini. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Shemeji akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Shemeji," akasema, "spinachi ikipata moto inanywea."

Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Nilipigwa na butwaa. Watu wazima wawili, wamepanga uongo mmoja! Nikawauliza: kama spinachi inanywea, mbona kabati la juu ya jiko halinywei? Mke wangu akasema kichwa kinamuuma.

Jumamosi, 9 Machi

Sikupika. Mwizi apumzike, ajisahau. Kesho napika mbele ya mama mkwe. Shahidi mwenye heshima zake. Tuone.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe akaketi kwenye kigoda jikoni, mkoba mapajani. Shemeji nikamwomba akae pembeni, mikono juu ya meza. Akatii, huku anatabasamu. Mambo yakaenda vizuri ajabu. Soseji zinang'aa. Kitunguu saumu kinanukia mpaka kwa jirani. Mke wangu akanong'ona kwamba haamini macho yake. Spinachi ikasimama juu ya kikaango kama mlima. Nikafunika.

Mama mkwe akasema, "Baba, hebu niletee chumvi, iko sebuleni."

Nilisita. Lakini mkwe anaombwa chumvi na mama mkwe, akatae? Nikaenda mbio, nikarudi mbio. Mama mkwe kashika kifuniko mkononi.

"Unaona, mwanangu?" akasema kwa upole. "Imenywea."

Mama mkwe! Mwanamke anayesali!

Tukagawana. Kijiko kimoja cha mboga kila mtu, na soseji. Mama mkwe akala, akasema tamu kweli, ila kidogo, bado ana njaa. Shemeji akainuka, akaosha kikaango, akakaanga viazi na mayai. Mama mkwe akashiba. Mke wangu akanitazama.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa kumshuku mtu mmoja. Ni ukoo mzima. Aliyenituma chumvi nani?

Mama mkwe kaamua kukaa wiki moja. Kapewa chumba cha nyuma. Shemeji kahamia sebuleni, na redio yangu iko naye.

Lakini nina mpango mpya. Uyoga! Una mwili, una uzito, si majani ya kufichika mfukoni. Jioni hii nimejaza kikaango mpaka juu, nimefunika. Shemeji yuko kazini. Mama mkwe kalala, nimemsikia akikoroma. Jikoni tuko wawili tu, mimi na mke wangu, ambaye anakata nyanya kimya kimya. Yeye ndiye mtu pekee ninayemwamini katika nyumba hii. Naandika nimesimama, jicho moja kwenye daftari, jingine kwenye kifuniko.

Sasa nafunua.

Hata mke wangu!